Nyimbo za hevi metali zilizoutia adabu mkono wangu wa kulia

Kwa miaka miwili nilipiga vibaya Smoke on the Water, wimbo wa bendi ya Deep Purple, na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa akiupiga. Nilikuwa nimejifunza gitaa kwenye kwaya, ambako mkono wa kushoto ndio uliohesabiwa kuwa na kazi, kwa kuwa ndio uliobadilisha kodi (nasema kodi za muziki, zile za mwenye nyumba zina siku yake), ilhali mkono wa kulia ulikung'uta nyuzi zote sita kwenda chini na kurudi juu, alimradi usipotee kwenye mapigo. Nilipokutana na muziki wa hevi metali nikiwa na miaka 19 niliuingia na mkono uleule wa kwaya, na kila nilichopiga kilisikika kama bati linaloburutwa barabarani. Nikalaumu amplifaya, kisha nyuzi, kisha gitaa lenyewe. Ilinichukua muda kukubali kwamba tatizo lilikuwa chini ya kiwiko changu cha kulia.

Ndiyo maana rafiki yangu anayefundisha vijana gitaa aliponiuliza juzi ampe mwanafunzi wake nyimbo zipi za metali, nilishindwa kumjibu kwa mpangilio uliozoeleka wa nyimbo rahisi, za wastani na ngumu. Mpangilio huo hupima mkono wa kushoto: vidole vinaruka freti ngapi (vile vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa), solo ina noti ngapi kwa sekunde. Mimi huuliza kwanza wimbo unaudai nini mkono unaozipiga nyuzi, na kwa kipimo hicho nyimbo nyingi zinazoitwa rahisi huwa ngumu, na moja au mbili zinazotisha huwa na huruma kuliko zinavyosikika.

Nianze na kosa langu. Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, mwishoni mwa 1971 kurekodi albamu yao katika jengo la kasino, lakini tarehe 4 Desemba, wakati wa onyesho la Frank Zappa, mtu mmoja katika hadhira alifyatua fataki na jengo likateketea. Moshi uliotanda juu ya Ziwa Geneva ndio uliowapa jina la wimbo. Wapo watakaosema kwamba Deep Purple ni roki nzito tu na haijafika kuwa metali. Sina ugomvi nao, ila mwanafunzi yeyote wa metali huanzia hapo apende asipende. Rifu yake, yaani kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo mzima, ina mipigo 12 na noti nne tofauti tu, zote zikitoka katika ngazi ya bluzi ya G ndogo (minor). Mimi niliipiga kwenye nyuzi nene kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, kwa kodi za noti ya kwanza na ya tano, kama nilivyoona watu wengi wakifanya. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao, hafanyi hivyo. Yeye huchukua uzi wa 4 na uzi wa 3, ambazo zikiwa wazi zimeachana kwa umbali wa noti nne, na kuzichomoa zote mbili kwa vidole kwa wakati mmoja. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma, lakini isikilize: piki hugusa uzi mmoja kabla ya mwingine hata ukiwa mwepesi namna gani, ilhali vidole huzianzisha noti mbili pamoja, na kila mpigo hutoka umekatwa safi, huku kinanda cha Jon Lord kikiufuata unyo kwa unyo. Nilipoacha piki na kutumia kidole gumba na cha shahada, rifu ile niliyodhani naijua ilinyooka jioni moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa distoshoni, ule mkwaruzo unaolifanya gitaa la metali lingurume. Wengi hudhani kwamba mkwaruzo huficha makosa, na kwa upande mmoja ni kweli, kwa sababu amplifaya iliyoelemewa hukandamiza sauti, hivyo kwamba noti iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa kwa ulegevu hutoka karibu sawa. Lakini ukandamizaji huohuo hukuza kila mguso ambao hukuukusudia: uzi uliotikiswa na mkono ukipita, kidole kilichoinuliwa bila uangalifu, hata kucha ikigusa chuma. Vilevile hukataa kodi kamili tulizozoea kanisani. Amplifaya iliyoelemewa huzaa sauti za ziada zinazotokana na jumla na tofauti za masafa ya noti ulizopiga. Noti ya tatu ya kodi, ile inayotofautisha uchangamfu na huzuni, huzaa mchafuko, ilhali noti ya kwanza na ya tano, ambazo masafa yake yana uwiano wa 2 kwa 3, huzaa sauti zinazoafikiana nazo, ikiwemo ile ya oktava ya chini ya noti ya kwanza. Kwa hiyo mtu anapiga noti mbili na msikilizaji anahisi unene wa tatu. Kodi za nguvu, kama zinavyoitwa, hazikutokana na uvivu wa wapigaji.

Sasa tuingie Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa mpigaji wa kawaida huo ungekuwa mkono wa kuzipiga nyuzi, lakini Iommi ni wa mkono wa kushoto, hivyo vidole vilivyokatika ndivyo vilivyotakiwa kukandamiza noti. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa ya chupa ya sabuni, akavivisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba hata kufikia kuazima za banjo, na baadaye akalegeza gitaa zima kwa nusu toni tatu ili nyuzi zisimkaidi. Albamu yao ya Master of Reality ya 1971 ndiyo iliyoisikiza dunia ulegezaji huo kwa ukamilifu, na bendi nyingi za metali zilizokuja baadaye zenye vidole vizima zimeufuata. Sijui muziki mwingine ambao sauti yake imechongwa na jeraha moja kiasi hicho.

Wimbo ambao mimi ningempa mwanafunzi wa kwanza kabisa, kabla hata ya Paranoid ambao kila mtu huukimbilia, ni Black Sabbath, wenye jina la bendi na la albamu yao ya kwanza iliyotoka tarehe 13 Februari 1970. Gitaa halijalegezwa bado katika albamu hiyo, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na kutyuni. Rifu ina noti tatu: G ya chini, G ya oktava ya juu, kisha C iliyopandishwa nusu toni, yaani umbali wa toni tatu kamili kutoka pale ulipoanzia. Ni umbali unaoigawa oktava katikati sawasawa, na kwa sababu hiyo sikio halipati pa kutulia. Halijui kama limetoka nyumbani au linarudi. Kisa kwamba kanisa la zamani liliupiga marufuku kama umbali wa shetani kinasimuliwa kwa bashasha kuliko ushahidi wake unavyoruhusu. Mimi nimeuimba kwenye tenzi zetu, umefichwa ndani ya kodi ya saba, na hakuna mzee wa kanisa aliyeinuka kwenye kiti.

Ugumu wa wimbo huo uko katika mwendo wake. Unakwenda polepole mno, na kati ya noti na noti kuna nafasi ambayo mkono wa kulia hauna la kufanya isipokuwa kuzuia nyuzi nyingine zisiongee. Mwanafunzi aliyetoka kwaya hawezi kuvumilia nafasi hiyo. Mkono wake utakung'uta kitu. Mpe mwezi mmoja. Akiweza kuiacha ile noti ya tatu ining'inie na kutikisika kwa kidole cha kushoto bila mkono wa kulia kuingilia, amejifunza jambo ambalo wengine hulipata baada ya miaka. Kuelekea mwisho wimbo hubadilika na kuanza kukimbia, na kijana atakuwa amestahili mbio hizo.

Paranoid yenyewe ulitungwa haraka wakati albamu ya pili ilipokosa wimbo mmoja wa kuijaza, na bado ndio uliowapandisha hadi nafasi ya nne katika chati ya Uingereza mwaka huohuo wa 1970. Faida yake iko kwenye ubeti, ambapo mkono wa kulia hupiga nusu pigo baada ya nusu pigo kwa kushuka tu, huku pembe ya kiganja ikiwa imelala juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa ili sauti itoke imezibwa. Kiganja kikisogea mbele kidogo noti hufa kabisa, kikirudi nyuma kidogo hulia wazi. Eneo la kazi halizidi upana wa kidole. Iron Man ni wa albamu hiyohiyo na wengi huupenda kwa sababu sauti ya mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, huifuata rifu noti kwa noti, hivyo ukijua kuuimba unajua kuupiga. Naukubali, ila huwaonya wanafunzi kuhusu yale matelezo kati ya G na F iliyopandishwa: kodi nzima iteleze kwa mpigo wake na ifike kwa wakati, bila kujikokota.

Judas Priest, ambao nao ni wa Birmingham na viunga vyake, sitawachukulia muda mrefu. Breaking the Law, wa albamu ya British Steel ya 1980, hauna solo ya gitaa kabisa, unaisha kabla ya dakika tatu, na rifu yake katika A ndogo hupigwa noti mojamoja kwenye nyuzi nene. Ni wimbo mzuri wa kumpa mtu anayetaka kusimama mbele za watu haraka. Zile sauti za vioo kuvunjika unazozisikia katikati ni za chupa za maziwa zilizovunjwa studioni, jambo ambalo halihusiani na gitaa lakini hunifurahisha kila mara.

The Trooper wa Iron Maiden ndio ulionirudisha nyumbani bila kutarajia. Ulitoka mwaka 1983 katika albamu ya Piece of Mind, na Steve Harris, mpiga besi aliyeutunga, aliwaza juu ya shambulio la farasi wa Uingereza huko Balaclava mwaka 1854, katika vita vya Krimea. Kwa hiyo mdundo wake ni wa kwato: noti moja ndefu na mbili fupi, tena na tena, ndani ya kila pigo. Nilikuwa nikiufanyia mazoezi barazani siku ambayo mjomba wangu alikuja kututembelea. Yeye alipiga gitaa la rhythm katika bendi ya dansi kwa miaka mingi, na muziki wa makelele, kama anavyouita, haumvutii hata kidogo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nikadhani analala. Kisha akasema, "Mpwa wangu, mkono wako wa kulia unachoka kwa sababu unapiga kwa bega. Sisi tulikuwa tunapiga mpaka asubuhi, ungepiga kwa bega ungezikwa na gitaa." Akalichukua, akaniomba nizime mkwaruzo, akakiweka kiganja chake juu ya nyuzi na kupiga ule mdundo wa kwato kwa kifundo cha mkono peke yake, pole kidogo kuliko wimbo wenyewe, lakini ukiwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nikamwekea rekodi yenyewe ili asikie magitaa mawili ya Dave Murray na Adrian Smith yanapokwenda sambamba, moja likiimba wimbo na jingine likiufuata noti tatu juu yake. Hapo aliinua kichwa. Mtu aliyelelewa na rumba ya Kongo na dansi ya Tanzania amesikia magitaa yakitembea hivyo maisha yake yote, solo na mi-solo (gitaa la kati ya solo na rhythm) zikishikana mkono kwa umbali wa noti tatu au sita, ila kwa sauti safi na freti za juu zaidi. Sisemi kwamba Iron Maiden walijifunza kwa Wakongo. Walikuwa na bendi za Thin Lizzy na Wishbone Ash karibu zaidi. Ninachosema ni kwamba mpiga gitaa wa huku kwetu anayesoma The Trooper ana sikio lililokwisha kuandaliwa, na anachokosa ni kile kifundo cha mkono. Yule mwenzangu wa Ulaya huenda akawa kinyume chake.

Kuhusu Metallica ningeweza kuandika mpaka taa zikatike. Enter Sandman wa 1991 ndio unaopendwa na walimu, na kwa haki, kwa kuwa rifu ya mpiga gitaa wao Kirk Hammett hutumia ule umbali wa toni tatu wa Black Sabbath, kutoka E hadi B iliyoshushwa, kisha huuteremsha kwenye A kana kwamba hakuna kilichotokea. Inafaa kujua kwamba mpiga ngoma, Lars Ulrich, ndiye aliyeshauri sehemu ya kwanza irudiwe mara tatu kabla ya mkia kuja. Jaribu kuipiga bila marudio hayo uone inavyopungukiwa. Nothing Else Matters, wa albamu ileile, nampa mwanafunzi ambaye vidole vya kushoto vimemvimba, kwa sababu mwanzo wake hauvihitaji. James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, aliupata akiwa kwenye simu, mkono mmoja umeshika simu na mwingine ukichezea nyuzi zilizo wazi: uzi wa 6, wa 3, wa 2, wa 1, kisha kurudi. Mapigo ni sita kwa kila kipimo, na vidole vya mkono wa kulia hupata kazi ya mmoja mmoja ambayo metali haivipi mara nyingi.

Halafu kuna Master of Puppets wa 1986. Una dakika nane na nusu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Hetfield hupiga kwa kushuka tu, kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika. Ukipiga rifu hiyo kwa kushuka na kupanda, noti ni zilezile na mkono unapumzika, lakini wimbo unageuka kuwa mwingine, kwa sababu mpigo wa kupanda hugusa uzi kwa nguvu ndogo zaidi na kila noti ya pili hulegea. Ukishuka tu, noti zote zina uzito mmoja, kama kinu kinachotwangwa na mtu mmoja asiyebadilishana na mwenziwe. Nilianza kwa mapigo 120 ya metronomu na kuongeza manne kila wiki. Nilipofika 180 nilikaa hapo miezi mitano. Mkono ulikuwa ukiganda kuanzia kidole gumba, na kilichonisaidia kilikuwa kushika piki kwa ulegevu mpaka ikawa inakaribia kudondoka, ushauri ambao mjomba alikuwa ameshanipa kwa maneno mengine. Katika ubeti kuna kipimo kimoja kilichokatwa kifupi kuliko vingine, ambacho waandishi wa noti hawakubaliani wakihesabu vipi. Mimi sikihesabu, nakiimba mdomoni. Kisha katikati mkwaruzo huzimwa, gitaa huimba pole kwa kodi zilizovunjwavunjwa, na ni hapo hasa, baada ya dakika tatu na nusu za kutwanga, ambapo utajua kama mkono wako bado ni wako.

Sikuwahi kumpendekezea mtu Raining Blood wa Slayer katika mwaka wa kwanza, na sitaanza leo.

Wimbo ninaoufanyia mazoezi kwa sasa haumo katika orodha nyingi za metali, na waliouandika hawakujiita wanametali. Ni Stone Cold Crazy wa Queen, wa mwaka 1974, wenye kasi ambayo bendi nyingi zilikuja kuifikia miaka kadhaa baadaye. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 1946, na nakiri kwamba kwa sisi wa pwani hilo huongeza chumvi. Metallica waliurekodi upya mwaka 1990 na kupata tuzo ya Grammy kwa rekodi hiyo, na katika onyesho la kumkumbuka Mercury lililofanyika Wembley tarehe 20 Aprili 1992, Hetfield aliuimba akiwa na waliobaki wa Queen, huku Tony Iommi akiwa jukwaani na gitaa lake. Ukisikiliza toleo la Queen na la Metallica moja baada ya jingine utasikia mikono miwili ya kulia iliyolelewa tofauti: Hetfield anaziba na kukandamiza kila noti, ilhali Brian May, mpiga gitaa wa Queen, anaziacha nyuzi ziruke kidogo, na kila mpigo una mchakacho mwembamba mwanzoni.

Mchakacho huo unatokana na sarafu. Badala ya piki ya plastiki, May hutumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita, yenye kingo zilizochongwa meno madogo, na meno hayo ndiyo yanayoukwaruza uzi. Wiki mbili zilizopita nilijaribu kwa sarafu ya shilingi mia. Haipindi hata kidogo, kwa hiyo kifundo cha mkono lazima kilegee maradufu, na katika siku mbili za mwanzo nilipata kitu kilichofanana na ule mchakacho, hasa kwenye uzi wa 3. Siku ya tatu uzi wa 1 ulikatika kwenye rifu ya kwanza. Dukani hawauzi uzi mmoja mmoja, wanauza seti nzima, kwa hiyo kwa sasa nafanya mazoezi na nyuzi tano, na kwa bahati njema kazi nyingi ya mkono wa kulia katika wimbo huo iko kwenye zile nene.